Chombo ni Chetu, Ufunguo ni wa Nani?



Katika ajenda ya Mkutano Mkuu ujao limo jambo moja ambalo Halmashauri imetutaka tulieleze kwa urefu katika ukurasa huu, ili kila mwanachama aje mkutanoni hali amekwisha kulifikiri, wala asije akanyoosha mkono kwa kumtazama jirani yake. Jambo lenyewe ni hili: fedha zilizowekwa akiba kwa ajili ya vyombo vya ghala na afisi, je, zote zitumiwe kununulia vyombo vipya, au sehemu yake inunue zana za kutengenezea vile tulivyo navyo, iwafundishe vijana wetu wachache kazi hiyo, na iitoe afisi katika programu ya kukodi na kuitia katika programu huru?

Huenda mwanachama akauliza, "Sisi na kompyuta tuna nini? Sisi ni watu wa mikarafuu." Swali hilo ni la haki, na yafaa lijibiwe kwanza.

Kazi ya shamba haikubadilika sana. Karafuu bado huchumwa kwa mkono, hutengwa na makonyo yake kwa mkono, na huanikwa juani juu ya majamvi kama walivyofanya wazee wetu. Lakini tangu zikaukapo, mambo ni mengine. Hupimwa kwa mizani ya umeme katika ghala letu kabla ya kupelekwa kituoni kuuzwa. Uzito wake huandikwa katika kompyuta ya afisi. Habari za malipo huja kwa simu. Na wengi wetu usiku wa msimu huchambua kwa taa inayotiwa nguvu na jua. Kwa hivyo jasho la mwanachama hupita ndani ya vidude vinne vya umeme kabla ya kuwa fedha mkononi mwake. Mtu ambaye riziki yake yapita mlangoni, yampasa ajue ufunguo wa mlango huo anao nani.

Vyombo walivyotumia wazee havikuwa na swali hili. Jamvi likitoboka lilishonwa. Baiskeli ikipata pancha ilizibwa njiani, na mtoto wa miaka kumi akaiona ikizibwa, akajua. Taa ya karabai ilifunguliwa yote mezani, ikasafishwa, ikafungwa. Hatusemi kwamba vyombo vile vilikuwa bora kuliko hivi vya leo. Mizani ya umeme ni nyepesi kusoma, na taa ya jua haitaki mafuta. Twasema tu kwamba mwenye chombo alikuwa bwana wa chombo chake.

MAMBO MAWILI YALIYOTUPATA

Wanachama wanakumbuka kwamba msimu uliopita mizani ya ghala ilizimika ghafla, na karafuu zimejaa ghalani. Muuzaji aliyetuuzia, ambaye yuko ng'ambo ya bahari, alijibu kwamba mizani za namna ile hazitengenezwi tena, na dawa yake ni kununua nyingine. Tukarejea kwenye mizani ya mawe, na watu wakakaa foleni mpaka magharibi. Baadaye mkaguzi wa vipimo aliarifiwa, muhuri ukaondolewa mbele yake, na fundi redio wa mjini akaifungua. Ilionekana kwamba kidude kimoja tu kilichopokea umeme kilikuwa kimevimba. Bei yake haikufika bei ya chupa ya soda. Kilibadilishwa, mkaguzi akaipima mizani upya na kuitia muhuri, na mpaka leo yafanya kazi.

La pili ni daftari la wanachama. Daftari hilo, ambamo yameandikwa majina, mashamba, na uzito wa karafuu za kila mmoja, lilikuwa katika programu iliyokodiwa kwa mwaka. Kampuni yenye programu ilipandisha kodi, na Halmashauri ilipokuwa bado inajadiliana nayo, mlango ulifungwa. Majina yalikuwa yetu, uzito ulikuwa wetu, karafuu zilikuwa zetu, lakini hatukuweza kuyasoma maandishi yetu wenyewe. Hesabu ilipatikana kwa kukusanya vipande vya stakabadhi za karatasi, kimoja kimoja, na wako wanachama waliongoja malipo yao hali gharama za skuli za watoto zimekwisha kufika.

Mambo haya mawili, moja la waya na moja la maandishi, yana asili moja. Katika yote mawili chombo kilikuwa chetu na ufunguo ulikuwa wa mtu mwingine.

PROGRAMU NI KITU GANI

Kompyuta peke yake ni sanduku lisilojua kitu. Linalolifundisha ni programu, yaani maagizo yaliyoandikwa na mtu. Mwandishi wa programu huandika maagizo hayo kwa lugha ambayo mtu aliyesomea kazi hiyo aweza kuisoma. Kisha hugeuzwa kuwa namba tupu, ambazo mashine huzifahamu upesi, lakini mwanadamu hazisomi ila kwa taabu kubwa.

Mfano wake ni kofia ya kushonwa kwa mkono. Mshonaji stadi akiishika huzifuata nyuzi, akajua ilivyoanzwa na ilivyomalizwa, na palipofumuka akapashona. Sasa chukua kofia ambayo imebandikwa kitambaa kwa gundi, ndani na nje. Kuvalika itavalika, lakini nyuzi hazionekani. Na ikifumuka hapana wa kuishona ila yule aliyeibandika. Mwenye kuuza programu bila ya kutoa maandishi yake ya asili hutuuzia kofia ya namna hiyo.

Zamani haikuwa hivyo. Wataalamu wa kompyuta walipeana maandishi ya programu zao kama wakulima wanavyopeana miche. Habari ya jinsi mambo yalivyogeuka, na jinsi mtu mmoja alivyokataa, imeandikwa mara nyingi, nasi tutaieleza kwa ufupi.

Katika chuo cha MIT, huko Marekani, alikuwako mtaalamu aitwaye Richard Stallman. Maabara yao ilikuwa na mashine ya kupiga chapa ambayo karatasi zilikuwa zikikwama ndani yake. Stallman hakuweza kuzuia karatasi zisikwame, lakini kwa kuwa alikuwa na maandishi ya programu yake, aliyaongezea maagizo ili mashine ikikwama iwapelekee habari watu waliokuwa wakiingoja, na mmoja wao aende akaikwamue. Karibu mwaka 1980 kampuni ya Xerox iliwapa mashine mpya. Hiyo nayo ilikuwa ikikwama, lakini ilikuja bila ya maandishi ya programu. Stallman alimwendea mtaalamu wa chuo kingine, Carnegie Mellon, aliyekuwa nayo, akamwomba nakala. Yule bwana alikataa, kwa sababu alikuwa amekwisha kuahidi kwamba hatampa mtu.

Jambo hilo laonekana dogo, karatasi kukwama. Lakini Stallman aliona kwamba ahadi ya mtu mmoja ya kuficha imewafunga wengine wote wasiweze kujisaidia. Tarehe 27 Septemba 1983 alitangaza kwamba ataandika programu kamili ya kuendeshea kompyuta, aliyoiita GNU, ambayo kila mtu ataruhusiwa kuisoma na kuitengeneza. Mwaka 1985 alianzisha shirika la Free Software Foundation. Mwaka 1989 ilitolewa hati ya ruhusa iitwayo GPL, ambayo sharti lake kubwa ni hili: mwenye kupokea programu kwa ruhusa hii, akiigawa kwa wengine, lazima awape na wao ruhusa ile ile aliyopewa yeye. Yaani mlango uliofunguliwa kwako, usiufunge nyuma yako.

Tarehe 25 Agosti 1991, kijana mmoja mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, jina lake Linus Torvalds, alitoa habari kwamba anaandika kiini cha programu ya kuendeshea kompyuta. Kiini hicho kikaitwa Linux, na mwaka 1992 alikitia katika hati ya GPL. Kilipoungana na kazi ya GNU ikapatikana programu kamili. Wala isidhaniwe kwamba hicho ni kitu cha wanyonge tu. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zinazoandikwa katika orodha ya zile zenye nguvu kupita zote duniani zaendeshwa kwa Linux, na simu za Android, ambazo wengi wetu tunazo mifukoni, zimejengwa juu ya kiini hicho hicho.

HURU SI BURE

Watu wa programu huru huhesabu uhuru wa namna nne. Wa kwanza, kuitumia programu kwa kazi yoyote uitakayo. Wa pili, kuyasoma maandishi yake ujue inavyofanya kazi, na kuyabadilisha yakufae. Wa tatu, kumpa mwenzako nakala. Wa nne, kuwapa wengine nakala ya ile uliyoitengeneza wewe, ili faida yako iwe yao.

Hapa Kiswahili chetu kimetupa neema ambayo Waingereza hawanayo. Wao neno lao ni moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu asiyefungwa, nao wameeleza miaka mingi wakusudialo na bado watu hukosea. Sisi tuna "bure" na tuna "huru", na hapana mtoto achanganyaye. Programu huru yaweza kuuzwa, na fundi wa kuiweka na kuitunza hulipwa ujira wake kama fundi mwingine yeyote. Kinachotakiwa ni kwamba ukishaipata usiwe mtumwa wa aliyekupa.

Na faida ya uhuru huo imekwisha kuonekana karibu nasi. Katika mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya kuandikia barua na kufanyia hesabu, yenye maneno ya Kiswahili. Waliofanya kazi hiyo hawakuhitaji kungoja mpaka kampuni ya ng'ambo ione kwamba Waswahili wana faida ya kutosha. Maandishi ya programu yalikuwa wazi, ruhusa ilikuwa imekwisha kutolewa, wakakaa wakafasiri. Ingekuwa programu imefungwa, ujuzi wao wote usingewafaa kitu.

YALIYO NDANI YA SANDUKU

Basi tukiyaelewa ya programu, ya chombo chenyewe ni mepesi, kwa sababu uhuru ni ule ule ila hapa twashika bisibisi.

Watengenezaji wengi wa siku hizi hufunga vyombo vyao kwa gundi mahali pa skrubu, au kwa skrubu za kichwa kisichopatikana madukani. Wengine hawauzi vipuri wala hawatoi mchoro wa waya. Na wako waliochanganya kufuli mbili, wakatia programu ndani ya chombo ambayo hukataa kipuri kilichotiwa na fundi asiye wao.

Wakulima wenzetu wa Marekani wameyaonja haya katika matrekta. Trekta la kisasa lina kompyuta ndani, na likipata hitilafu mara nyingi mkulima hakuweza kuliwasha tena mpaka aje mtu wa kampuni na programu yake, hali mavuno yangoja shambani. Wakulima hao walilalamika miaka mingi. Januari 2023 kampuni ya John Deere ilitia saini maelewano na shirika la wakulima, American Farm Bureau Federation, kuhusu ruhusa ya kutengeneza. Mwaka huo huo jimbo la Colorado lilipitisha sheria ya kuwataka wenye kutengeneza mashine za kilimo wawape wakulima vipuri, zana, vitabu na programu za matengenezo, na sheria hiyo ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2024. Umoja wa Ulaya nao mwaka 2024 ulipitisha sheria ya kuwataka watengenezaji wa baadhi ya vyombo, kama mashine za kufulia na simu, wavitengeneze hata baada ya muda wa dhamana kwisha. Twayataja haya ili mwanachama ajue kwamba anachokidai si ukaidi wa watu wa shamba. Wanakidai na wenye matrekta.

Nasi watu wa visiwa tuna sababu zaidi. Kila kitu chetu huvuka maji. Wenzetu wa Unguja hawajasahau Desemba 2009, waya wa umeme utokao bara ulipoharibika, wakakaa gizani mpaka Machi 2010. Aliyekuwa na jenereta na akajua kuitengeneza aliuza barafu; asiyejua aliitazama. Kungoja msaada utoke ng'ambo kuna gharama ambayo haiandikwi katika risiti.

Tena kiko kisa cha takataka. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024, katika mwaka 2022 dunia ilitupa vyombo vya umeme tani milioni 62, na vilivyojulikana kukusanywa na kuyeyushwa upya kwa njia nzuri ni asilimia 22.3 tu. Ndani yake mna risasi, zebaki, na sumu nyinginezo. Bara wana nafasi ya kutupia. Sisi tukitupa, twatupa karibu na kisima.

JE, WATU WETU WAWEZA?

Hii ndiyo hofu ya wengi: kazi hii ni ya wasomi wakubwa. Jawabu liko Unguja. Katika kijiji cha Kibokwa, Mkoa wa Kaskazini, chuo cha Barefoot, ambacho asili yake ni kijiji cha Tilonia huko India, kilianzisha mafunzo ya wanawake wa vijijini kuwa mafundi wa umeme wa jua. Wengi wao hawakupata skuli ya kutosha, na wengine walikuwa wakina mama wenye wajukuu. Walifundishwa kwa rangi, kwa namba, na kwa kushika kwa mikono, wakajifunza kulehemu na kuunga bodi za taa. Ikiwa mwanamke asiyesoma barua aliweza kuunda taa, sisi hatuna udhuru.

Na kwa mji mkubwa tutazame Amsterdam. Tarehe 18 Oktoba 2009 mwandishi mmoja aitwaye Martine Postma alifungua huko barza ya matengenezo: watu huja na pasi, redio, na taa zao mbovu, mafundi wa kujitolea hukaa nao meza moja, na mwenye chombo hutazama na kujifunza. Jambo hilo likaenea nchi nyingi. Halikutaka jumba wala mtaji mkubwa. Lilitaka meza, zana, na watu wasioona haya kuuliza.

Fundi mwema haanzi kwa kubadilisha vitu. Huanza kwa kuuliza umeme umefika wapi. Hutazama waya wa nje, kisha kiwashio, kisha fyuzi, kisha mahali umeme wa volti 230 unapogeuzwa kuwa mdogo. Kila hatua hupima kwa mita, na pale umeme unapokoma ndipo ugonjwa ulipo. Mara nyingi huukuta kabla hajafika mbali. Katika hewa yetu ya chumvi shaba hufanya kutu ya kijani, na kuisafisha kwa brashi na spiriti hutosha. Pengine mahali palipolehemiwa pamepata ufa mwembamba kama unywele. Huguswa kwa chuma cha moto pakashika.

Kile kidude kilichovimba katika mizani yetu chaitwa kapasita. Kina umbo la kipipa, na kazi yake ni kuweka umeme kidogo na kuutoa kwa utulivu, mfano wa mtungi katika nyumba ambayo maji ya bomba huja kwa vipindi. Ndani yake mna dawa ya majimaji, na joto huikausha. Mafundi wana kipimo chao: joto likipungua kwa digrii 10, umri wa kapasita huongezeka karibu mara mbili. Kwa hivyo chombo kilichowekwa mahali pa upepo chadumu kuliko kilichowekwa chini ya bati. Ukibadilisha kapasita, tia yenye kipimo kile kile, volti zake zisipungue za ile ya kwanza, na alama ya kutoa ielekee ilikokuwa. Elimu hiyo imekaa katika sentensi moja, na ndiyo iliyotunusuru na kununua mizani mpya.

YA KUHADHARI

Hatutaki wanachama wadanganyike kwa maneno matamu, kwa hivyo twataja na upande wa pili.

Kwanza, umeme huua. Chombo cha umeme wa ukutani kisifunguliwe na asiyefundishwa, na hata kikichomolewa, kapasita kubwa huweza kubaki na umeme wa kumpiga mtu. Majiko ya mikrowevu yasiguswe kabisa na wanafunzi. Betri za lithiamu, zilizomo katika simu na taa, zisitobolewe, zisipindwe, wala zisipashwe moto. Ikivimba itolewe nyumbani.

Pili, mizani ya kuuzia ina muhuri, na muhuri ni amana. Hapana fundi wa Chama atakayeigusa bila ya mkaguzi wa vipimo kujua, na ikifunguliwa haipimi hata ratili moja mpaka ipimwe upya. Uaminifu wa mizani ni mkubwa kuliko bei ya mizani.

Tatu, chombo kilicho bado katika dhamana kipelekwe kwa aliyekiuza. Dhamana tumekwisha kuilipia ndani ya bei.

Nne, programu huru haiji na malaika wa kuitunza. Karani atahitaji majuma ya kuizoea, na iko miandiko ya zamani ambayo itapinda kidogo ikifunguliwa humo. Hii ni gharama ya kweli. Lakini ni gharama ya kujifunza, nayo hulipwa mara moja. Kodi hulipwa kila mwaka na haitufundishi kitu.

Tano, wako waliouliza kama programu ikiwa wazi, basi na siri za wanachama zitakuwa wazi. La. Kilicho wazi ni jinsi kufuli ilivyotengenezwa. Ufunguo wa daftari letu wabaki kwetu.

MASHAURI YA HALMASHAURI

Kompyuta ya afisi ni nzima. Lakini tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 haikubali mashine nyingi za umri wa hii yetu. Kwa hivyo yatubidi ama kununua mashine mpya hali hii haina kosa, ama kuitia programu nyingine. Halmashauri yashauri haya:

1. Kompyuta ya afisi itiwe Linux, pamoja na LibreOffice kwa barua na hesabu. Daftari la wanachama liwekwe katika muundo wa wazi, ambao kanuni zake zilikubaliwa na shirika la vipimo vya dunia mwaka 2006, ili programu yoyote ya kesho iweze kulisoma. Nakala ziwe tatu, zimefungwa kwa neno la siri: moja afisini, moja kwa Mweka Hazina, moja nje ya mji. Na stakabadhi za karatasi ziendelee kama zamani.

2. Zinunuliwe zana: bisibisi za vichwa mbalimbali, mita mbili, chuma cha kulehemu na risasi yake, koleo ndogo, brashi, spiriti, na akiba ya fyuzi na kapasita.

3. Vijana wanne, wawili wanaume na wawili wanawake, wakae na fundi mjini wakati usio wa msimu. Chama kimlipe fundi, nao wakirudi wawafundishe wengine.

4. Jumamosi moja ya kila mwezi, nje ya msimu, iwe siku ya matengenezo hapa ghalani. Mwanachama alete taa, redio au simu yake, akae atazame ikifunguliwa.

5. Fedha zitakazobaki ziwekwe kwa kununulia kile ambacho kwa kweli hakitengenezeki.

Na tukinunua kitu kipya, Chama au mtu nyumbani kwake, muuzaji aulizwe kabla ya fedha kutoka: Je, chafunguliwa kwa skrubu au kimegandishwa? Betri yake yatolewa na mwenyewe? Vipuri vyake viko Unguja, Pemba, au Dar es Salaam? Mchoro wake wapatikana? Na kama kina programu, je, maandishi yetu twaweza kuyatoa siku yoyote tukayapeleka kwingine? Muuzaji akibabaika katika jibu la mwisho, hilo lenyewe ni jibu.

Wako wanachama wenye rai tofauti, wanaoona kwamba chombo kipya kina heshima na kinapunguza fitina, na kwamba vijana wakishajifunza watakimbilia mjini. Hoja hizo si za kudharauliwa, na mkutanoni zitapewa nafasi sawa na hii yetu. Lakini sisi twaona kwamba kijana aliyekimbilia mjini na ujuzi hurudi siku ya Idi akatutengenezea redio, ilhali fedha zilizokwenda ng'ambo hazirudi siku yoyote. Wazee walisema bura yangu sibadili na rehani. Hawakukusudia kwamba kila cha zamani ni chema. Walikusudia kwamba mtu asikiache alichokwisha kukijua thamani yake kwa sababu tu kingine chang'ara.

Mkutano Mkuu utakuwa ghalani, siku na saa zilizotajwa katika ukurasa wa matangazo. Mizani iliyotengenezwa itakuwa mezani, na kapasita iliyovimba itakuwa kando yake katika kisahani, ili kila mwanachama aishike na kuitazama. Anayetaka kuona hesabu za ule msimu kama zilivyokusanywa kutoka katika stakabadhi, zipo afisini kila siku isipokuwa Ijumaa. Njooni mkiwa mmeshauriana majumbani, kwa sababu kura ni ya kila mmoja, na daftari litakalofungwa au kufunguliwa ni lenye jina lake.

Wabillahi taufiq.